Nakuja na Spika Zake Mbili

Wateja walimwita Nakuja, na hakuna aliyeona haja ya kueleza kwa nini. Alikuwa fundi cherehani mwenye mkono safi na saa ya ukutani ambayo haikumtisha hata kidogo. Suruali yako ingekuwa tayari Jumatano. Na Jumatano ukifika angekupokea kwa bashasha, akuvutie kiti, akuulize hali ya nyumbani, huku suruali yenyewe ikiwa bado vipande vinne mezani, vimechorwa chaki. Lakini alikuwa anakuja. Hilo lazima lisemwe ili haki itendeke. Katika miaka yote ya kazi yake hakuna nguo iliyobaki bila kushonwa, na hakuna shughuli ambayo Nakuja hakufika kabisa. Mara nyingine alikuta viti vinakusanywa na watu wanaagana, lakini alifika.

Ndiyo maana kuna kauli moja ya kaka yake iliyomkera kuliko kauli nyingine yoyote chini ya jua: "Siku ile hukuja."

Siku ile ilikuwa miaka thelathini na mmoja iliyopita. Kaka mtu alikuwa mwimbaji wa bendi ya mtaani kwao, mwimbaji wa kufumba macho na kukunja uso kama anayetolewa jino, na Nakuja alikuwa nyuma yake na gitaa la besi. Bendi iliishi miaka mitatu, ikarekodi nyimbo tano katika studio ya chumba kimoja, kisha ikafa kifo cha kawaida cha bendi: mmoja alioa, mmoja alihama, mmoja aliuza ngoma. Katika nyimbo tano hizo, mmoja tu ulipendwa. Ni ule wimbo wa barua, ambamo mwanamume anamlaumu mpeleka barua kwa kumcheleweshea barua ambayo, ukisikiliza vizuri, pengine haikuandikwa. Nyimbo nne, kaka alikubali kwamba mdogo wake yumo. Huo mmoja wenye maana, alikataa katakata.

"Nilikuwepo, kaka."

"Hukuwepo."

"Nilikuwepo na gitaa langu."

"Gitaa labda. Wewe hukuwepo."

Walikuwa wakizungumza hivyo kila ndugu walipokutana, kwenye harusi na kwenye misiba, mpaka watoto wao wakajua kuondoka mezani kabla ya sentensi ya pili. Wenzao wa bendi wangeweza kuamua, ila wawili walikwishafariki na wa tatu aliwaambia kwamba siku hizo alikuwa anakunywa, hivyo wasimtegemee hata kwa mambo ya jana.

Jumatatu moja asubuhi kaka akapiga simu. Kuna kampuni inataka kuzitoa upya nyimbo za zamani, alisema, na imemtaka apeleke kwa mkono wake karatasi ya majina: nani aliimba, nani alipiga nini, wimbo kwa wimbo. Majina hayo yatachapwa na yatakaa hapo daima. Atafika Alhamisi kwa basi la saa nne, na mdogo wake afanye hisani ampeleke ofisini kwao kwa gari.

"Kwenye wimbo wa barua," Nakuja aliuliza, "upande wa besi umemwandika nani?"

Kikapita kimya. Kaka alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, na aliondoka kazini na vitu viwili: saa ya mezani na kimya cha mahakamani.

"Nimeacha wazi. Nimeusikiliza mara nane, bwana mdogo. Besi hakuna."

"Umesikilizia kwenye nini?"

"Kwenye simu."

"Simu! Kaka, simu haina besi. Simu ni mbu aliyekwenda shule."

"Mimi naandika ninachosikia. Nikisikia besi, nitaandika jina lako kwa mkono huu. Nisiposikia, nitaandika kwamba haikupigwa, na tutakuwa tumemaliza."

Nakuja alikata simu akiwa na pini tatu mdomoni, jambo lisilo salama kwa mtu mwenye hasira.

Nyumbani hakukuwa na chombo cha muziki zaidi ya televisheni yenye sauti ya mtu anayezungumza kupitia chujio. Lakini alikuwa na gari: dogo, kuukuu, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, na redio yake ilikubali flashi. Toka kituo cha mabasi hadi ofisini kwa wale watu ni mwendo wa nusu saa. Kwa nusu saa nzima kaka yake angekuwa amefungwa mkanda kitini, hana pa kuinukia. Nafasi kama hiyo haikuwa imetokea tangu utotoni. Kilichohitajika ni spika tu, kwa sababu zile za milangoni zilikuwa zimechanika ngozi kama madaftari ya mwisho wa muhula.

Mkewe alikuwa mwalimu wa hisabati, mtu wa kusikiliza swali lote kabla ya kulijibu.

"Ujira wa suti moja," alisema. "Ukivuka hapo, utahamia humo garini, wewe na besi yako."

Basi akaenda kwa fundi wa redio, ambaye kibanda chake kilijaa nyaya kiasi kwamba mwenyewe alionekana kama kitu kilichonasa humo. Alikuwa mtu wa maneno machache na kijiti cha kiberiti kwenye pembe ya mdomo. Alitoa spika mbili zilizotumika, kutoka gari lililogongwa nyuma. "Mbele haikuguswa," alisema kwa upole, kama anayemzungumzia mgonjwa. Kufunga kuna malipo yake.

"Kufunga nitafunga mwenyewe," alisema Nakuja. "Mimi pia ni fundi."

Kijiti kilihama kutoka pembe moja ya mdomo hadi nyingine. "Sawa, fundi."

Na alifunga, tena kwa unadhifu. Alifungua kava la mlango wa kushoto bila kuvunja hata kishikizo kimoja, akakuta nyaya mbili, mmoja wenye mstari mweusi na mmoja mtupu. Spika mpya nayo ilikuwa na ndimi mbili za chuma za kushikia nyaya. Akachukua waya wenye mstari, akaufunga kwenye ulimi ulioelekea boneti. Ule mtupu akaufunga kwenye ulimi wa nyuma. Kisha akaenda mlango wa kulia akafanya vilevile: wenye mstari boneti, mtupu nyuma. Kushoto na kulia vikatazamana kama mbele mbili za koti lililokatwa na mtu anayejua kazi. Alirudi nyuma hatua tatu kulitazama gari, kama anavyomtazama mteja kwenye kioo, akaridhika.

Halafu akawasha wimbo wa barua.

Sauti ya kaka ilijaa gari zima. Haijawahi kusikika vizuri hivyo; ulisikia hata anavyovuta pumzi kabla ya kila ubeti. Gitaa dogo lilimeremeta, matoazi yalichacharika kama sarafu mfukoni. Besi hakuna. Kwa mbali, ukijikaza, ulisikia kama mtu anagonga ukuta wa jirani wa tatu kuomba chumvi. Nakuja alikaa na mikono juu ya usukani, akielewa taratibu kwamba ametumia ujira wa suti nzima kumboreshea kaka yake sauti.

Jumanne mchana akarudi kibandani.

"Besi hakuna."

"Milango," alisema fundi wa redio, bila kuinua macho. "Gari la zamani milango ina matundu. Besi inavuja."

"Inavuja? Kama maji?"

"Kama maji. Ziba."

Kuziba hakukumgharimu kitu, kwa sababu dukani kwake kulikuwa na mabaki ya miaka ishirini. Alibandika kanvasi ya makoti kwenye bati za milango, tabaka juu ya tabaka, akaziba matundu kwa vipande vya bitana vilivyolowekwa gundi, na palipobaki uwazi akasokomeza pedi za mabega. Mteja aliyekuja kuchukua suruali yake akaambiwa akae, inakuja, na akakaa kwa muda wa kutosha kushuhudia gari likitiwa mabega. Ilipofika jioni milango ilikuwa inajifunga kwa mlio mzito, pu, kama wa gari la waziri.

Besi hakuna. Sasa alikuwa na milango ya tajiri na besi ya fukara.

Jumatano akazungusha kitufe cha besi mpaka mwisho wake. Kibao cha namba za gari kikaanza kutetemeka kwa nyuma. Akakitia kipande cha sufu. Kioo cha pembeni kikaanza, akakitia karatasi. Kitu fulani ndani ya dashibodi, ambacho hakijapata kujulikana hadi leo, kikaanza kulia tiri-tiri-tiri kama mende kwenye kiberiti. Kila kitu ndani ya gari kilikuwa kinapiga isipokuwa besi.

Akarudi kibandani kwa mara ya tatu, na safari hii hakusalimu.

"Nimeziba. Nimeziba mpaka gari limeongezeka uzito. Besi hakuna!"

Fundi wa redio alikitoa kijiti mdomoni, dalili kwamba mambo ni mazito. "Basi unahitaji sabufa." Akanyoosha kidole kwenye sanduku jeusi pembeni, kubwa kama sanduku la mwanafunzi wa bweni. Bei yake ilikuwa suti tatu na koti la mvua.

"Wewe ndiye uliyeniambia spika."

"Spika ni spika."

"Halafu ukaniambia mlango!"

"Mlango ni mlango. Ulisema wewe pia ni fundi."

Nakuja aliondoka bila kuaga. Usiku huo alikula akiwa kimya, na mkewe, ambaye kwa siku tatu alikuwa amesikia neno besi kuliko alivyosikia jina lake mwenyewe, aliona huo ukimya ni baraka na hakuugusa.

Alhamisi asubuhi mkewe hakuwa na kipindi hadi mchana, akaamua kwenda pamoja naye kumpokea shemeji yake. Hata hawajatoka mtaani, Nakuja aliweka tena wimbo wa barua, kama mtu anayebonyeza jino bovu kwa ulimi.

"Hii spika ya huku inanipigia kelele gotini," alisema mkewe. Wimbo ukiwa umefika katikati, akaanza kubonyeza redio, akakuta mahali pa kuhamisha sauti upande, akaipeleka yote kulia, kwa dereva, iwe adhabu yake.

Na gari likanguruma.

Halikunguruma sana, ila kiti kilisikia. Nakuja alikanyaga breki katikati ya barabara, na mwenye baiskeli aliyekuwa nyuma alimtajia wazazi wake wote wawili.

"Umefanya nini?"

"Nimezima ya huku."

"Washa!"

Akawasha. Besi ikapotea. Akahamishia yote kushoto, besi ikaja. Katikati, ikapotea.

"Ajabu," alisema mwalimu wa hisabati, kwa mara ya kwanza akionyesha kuvutiwa na jambo hili. "Kila moja ikiwa peke yake, ipo. Zikiwa pamoja, hakuna. Kama wewe na kaka yako."

Saa ilikuwa inakaribia nne. Mtu mwingine angekwenda kwanza kituoni. Nakuja aligeuza gari kuelekea kibandani.

Fundi wa redio alisikiliza maelezo yote, akaketi kitini kwa dereva, akahamisha sauti kulia, kushoto, katikati. Kisha akafungua kava la mlango wa kulia, akaondoa pedi mbili za mabega bila kuuliza neno, akachungulia.

"Waya wenye mstari umeufunga wapi?"

"Upande wa boneti."

"Na kule kushoto?"

"Upande wa boneti. Vinatazamana. Nimevipima."

Fundi wa redio alicheka. Hakuna aliyewahi kumsikia akicheka. Hata jirani yake wa kutengeneza saa alichungulia. "Fundi," alisema alipopata pumzi, "spika si mikono ya koti. Haina ya kulia na ya kushoto. Zote mbili ni nguo ileile. Ona hii nukta nyekundu kwenye ulimi wa spika: waya wenye mstari unakaa kwenye nukta. Mlango wa kushoto nukta iko upande wa boneti. Mlango huu, spika ileile imetazama upande wa pili, nukta imekwenda nyuma. Sasa hii moja inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta. Ni kama watu wawili wanasukuma mlango mmoja, huyu yuko ndani, huyu yuko nje. Sauti nyembamba zinapenya hivyo hivyo. Nzito zinauana njiani."

"Na wewe siku tatu zote hukuniuliza?"

"Ulisema wewe pia ni fundi."

Akabadilisha nyaya mbili, kazi ya muda wa kufunga vifungo vya shati, na akakataa malipo, jambo lililouma zaidi. Kisha akachomeka flashi yake mwenyewe kujaribu. Kitu kizito na laini kilipanda kutoka sakafuni, kikapita kwenye viti, kikamtikisa mke wa Nakuja hereni. Pedi za mabega zilikuwa zinafanya kazi. Kanvasi ilikuwa inafanya kazi. Hata ule mlio wa dashibodi ulinyamaza, kama umepata mkubwa wake.

"Sasa twende," alisema Nakuja, na macho yake hayakuwa makavu sana.

"Saa nne na nusu," alisema mkewe.

Kaka alikuwa ameketi juu ya begi lake nje ya kituo, koti limefungwa vifungo vyote, bahasha kifuani.

"Umechelewa," alisema.

"Nimekuja," alisema Nakuja.

Walisalimiana, mke wa Nakuja akahamia kiti cha nyuma, kaka akaketi mbele na kuvuta mlango. Pu. Akautazama mlango. Nakuja alisubiri mpaka mkanda ulipolia kech, ndipo akachomeka flashi.

"Sikiliza, kaka. Usiseme neno. Sikiliza tu."

Wimbo wa barua ukaanza. Gitaa dogo likaingia, matoazi yakaingia, kaka wa miaka thelathini na mmoja iliyopita akavuta pumzi na kuanza ubeti wa kwanza. Besi hakuna.

Nakuja aliongeza sauti. Hakuna. Akabonyeza kulia, akabonyeza kushoto. Hakuna na hakuna. Akaupiga mlango ngumi. Alimlaani fundi wa redio, aliyemuuzia fundi wa redio, na gari lililogongwa nyuma. Jasho lilimtoka kwenye kola aliyoishona mwenyewe. Ubeti wa kwanza ulikuwa unaelekea mwisho na kaka yake alikuwa ameshageuza uso dirishani, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumwona mwenzake akilia.

"Basi, mdogo wangu," alisema. "Umejitahidi."

Kiitikio kikapita. Ubeti wa pili ukaanza, na neno la pili la ubeti huo lilipotoka, besi ikaingia. Iliingia kama mtu aliyebeba kabati anayepita katikati ya watu waliokwishakaa: nzito, ina haraka, haiombi radhi. Noti tatu za kwanza zilikuwa za kutafuta njia. Ya nne ilikanyaga pale pale panapotakiwa, na kutoka hapo wimbo mzima ukapata miguu.

Waliusikiliza mpaka mwisho.

"Rudisha," alisema kaka.

Nakuja akarudisha. Ubeti wa kwanza, mtupu. Wa pili, besi.

"Rudisha tena."

Akarudisha tena, na safari hii hakutazama redio. Alitazama barabara kwa umakini ambao barabara ile haikuuhitaji. Kulikuwa na jambo moja dogo kuhusu siku ile ambalo alikuwa amelisahau, kwa namna mtu anavyosahau akiamua, mwaka hadi mwaka, mpaka aliposahau kweli.

"Kumbe ulikuja," alisema kaka taratibu.

"Nilikuambia."

"Ubeti wa kwanza ulikuwa wapi?"

Taa za barabarani ziliwazuia. Nakuja angeshukuru kama zingewaka kijani, lakini hazikuwa na haraka.

"Nilikuwa namalizia pindo," alisema. "La suruali. Ya mteja. Niliwakuta mmeshaanza, mwenye studio akanionyesha kidole mdomoni, nikachomeka gitaa moja kwa moja kwenye mashine ya kurekodia na kupiga. Ulipomaliza nikarudi dukani, mteja alikuwa ananingoja."

"Mimi nilikuwa nimefumba macho," alisema kaka.

"Wewe huwa unafumba macho."

"Nilifumbua, sikuona mtu." Akanyamaza kidogo, na hakikuwa kimya cha mahakamani. "Miaka thelathini na mmoja nimekuita mwongo."

"Mbele za watoto."

"Mbele za watoto," alikubali kaka. "Nisamehe, mdogo wangu." Halafu akafungua bahasha, akatoa karatasi, akaiweka juu ya goti, akaandika kwa ule mwandiko wa kikarani ambao ulikuwa umepeleka watu jela. Nakuja alijikaza mpaka taa nyingine nyekundu, ndipo akanyoosha shingo kusoma. Jina lake lilikuwepo, lote, la kwanza na la ukoo, upande wa besi. Pembeni yake, kwa herufi ndogo safi, kaka alikuwa ameongeza: kuanzia ubeti wa pili.

"Futa hiyo ya mwisho."

"Naandika ninachosikia."

"Kaka, itachapwa! Itakaa hapo daima!"

"Ndiyo maana inabidi iwe sahihi."

"Shemeji," Nakuja alilalamika kwenye kioo, akichanganya watu kwa hasira, "mwambie!"

"Mimi ni mkeo," ilisema sauti kutoka nyuma, "na yuko sahihi."

Taa ikawaka kijani, Nakuja akaondoa gari. Nyuma ya gari kibao cha namba kilikuwa kimedondosha kipande chake cha sufu na kuanza kutetemeka upya, na saa ya dashibodi ilionyesha kwamba ofisini kwa wale watu walikuwa wanasubiriwa tangu dakika arobaini zilizopita.

"Wapigie," kaka alisema, akirudisha karatasi kwenye bahasha. "Waambie tunakuja."

Kisha akanyoosha mkono mwenyewe, akaurudisha wimbo mwanzo, akaegemeza kichwa kitini na kungoja ubeti wa pili, macho wazi.